Watoto wa Kambi: Habari za Jamaa za Askari katika Nchi ya Maniema

Sisi tunaokaa Mikelenge, upande wa magharibi wa mto Lualaba, twawajua sana watoto wa askari. Twawaona asubuhi wakishuka mtoni na madumu ya maji, na jioni wakirudi na kuni kichwani. Wengine husoma pamoja na watoto wetu, wengine huimba pamoja nao kanisani. Tena twayajua maneno yasemwayo juu yao. Mtoto akiiba maembe, watu husema, "Huyo ni mtoto wa kambi." Kijana akipiga mwenzake, husema vile vile. Na msichana wa kambi akitaka kuolewa na kijana wa mji, wazee huuliza kwanza, "Kwao ni wapi?" Mara nyingi yeye mwenyewe hajui kulijibu swali hilo kwa neno moja.

Wasomaji wapenzi, swali hilo si dogo. Kwao ni wapi? Mtu hawezi kuwajua jirani zake asipojua wametoka wapi na wamepita njia gani. Vitabu vya vita vimejaa majina ya majemadari, lakini mwanamke aliyechukua chungu na mtoto nyuma ya askari hana mahali pakubwa katika vitabu hivyo. Basi leo tutaieleza habari yake, maana ni sehemu ya habari za nchi yetu.

Mwanzo wa askari hao

Jeshi la zamani la Kongo liliitwa Force Publique. Lilianza wakati wa mfalme Leopold wa Pili, aliyeitawala nchi hii tangu 1885 kama mali yake mwenyewe. Kwanza aliajiri watu wa nchi za mbali, kama Wahausa na Wazanzibari. Baadaye, kwa sheria ya 1891, vijana wa Kongo wenyewe wakaandikwa, na muda wao ulikuwa miaka 7. Machifu waliamriwa kutoa watu, nao mara nyingi waliwatoa watumwa na wanyonge wasio na wa kuwatetea.

Miaka 7 ni mingi. Kijana aliyechukuliwa akiwa na miaka 18 humaliza akiwa na 25, na kijiji chake kimekwisha kumsahau. Alikuwa mbali na mama yake, hana dada wa kumtwangia wala kumpikia, na jikoni la askari halikuwapo. Hivyo wakubwa wa jeshi waliona upesi kwamba askari asiye na mke ni askari mwenye njaa, na askari mwenye njaa hutoroka. Ndiyo maana wakawaruhusu wake kukaa kambini na kufuata safari.

Tusifiche jambo. Si wake wote walioolewa kwa mahari na kwa hiari yao. Katika vita vya siku zile wanawake wengi walitekwa, wakagawiwa askari kama vile vitu. Wengine walikuwa watumwa wa Wangwana, wakaondolewa katika utumwa mmoja na kuingizwa katika mwingine. Wako waliopata baadaye nyumba ya amani na watoto wema. Lakini mwanzo wa jambo ulikuwa dhuluma, na yatupasa kuiita kwa jina lake.

Kuvuka Lualaba

Vita vya Wabelgiji na Wangwana vilianza 1892 vikaisha mwanzo wa 1894. Kiongozi wa upande wa Serikali alikuwa Francis Dhanis. Pamoja naye alikuwamo daktari mmoja Mwingereza, jina lake Sidney Hinde, aliyeandika kitabu juu ya vita hivyo, kikapigwa chapa 1897. Ngongo Lutete, mtawala wa Ngandu, aliyekuwa kwanza mtu wa Tippu Tip, aligeuka akajiunga na Dhanis pamoja na watu wake wengi.

Yafaa tufikiri jinsi safari hiyo ilivyokuwa. Askari alichukua bunduki ya Albini na risasi zake. Vitu vingine vyote vya nyumba vilikuwa juu ya mkewe: mkeka, blanketi, chungu, kibuyu cha maji, unga wa mihogo, na mtoto mgongoni. Mtoto mwenye miaka 6 au 7 hutembea kwa miguu akimshika kuku au akichukua kinga cha moto, maana kuwasha moto mpya katika majani mabichi ni kazi ngumu. Wakifika mahali pa kulala, mume hupumzika au hushika zamu. Mke ndiye hutafuta maji, hukata kuni, hujenga kibanda cha majani, kisha hupika. Alfajiri tarumbeta ikilia, hufunga mzigo tena.

Tarehe 4 Machi 1893 jeshi hilo lilivuka Lualaba na kuushika mji wa Nyangwe. Waliowavusha ni Wagenya na mitumbwi yao, watu wa mto tangu zamani. Mto pale ni mpana, maji yaenda kwa nguvu, na viboko na mamba wamo. Kila aliyevuka mto wetu kwa mtumbwi wakati wa masika ajua moyo hupigaje maji yakianza kuingia ubavuni. Tarehe 22 Aprili Kasongo nayo ikatekwa. Hapo askari na wake zao waliona mashamba makubwa ya mpunga na miti ya matunda iliyopandwa na Wangwana. Mpunga huo ndio asili ya wali tunaokula Maniema hata leo.

Lakini vita havina shukrani. Ngongo Lutete, aliyewasaidia sana Wabelgiji, alishitakiwa kwamba amewaasi. Akauawa kwa risasi kule Ngandu tarehe 15 Septemba 1893, wakati Dhanis hayupo. Askari wake wengi walipelekwa Luluabourg, ambayo leo ni Kananga. Huko tarehe 4 Julai 1895 wakaasi, kwa sababu ya kuteswa na kwa uchungu wa mkubwa wao aliyeuawa.

Njaa katika msitu wa Ituri

Safari iliyokuwa mbaya kupita zote ni ile ya 1896 na 1897. Dhanis alitumwa kwenda mto Nile akiwa na askari karibu 3,000. Kati yao walikuwamo wengi waliowahi kuwa watu wa Ngongo Lutete. Walitoka upande wa Stanleyville wakapenya msitu wa Ituri, na nyuma ya askari wakafuata wapagazi, wanawake na watoto.

Msitu ule si kama mapori yetu yenye vijiji na mashamba. Waweza kutembea siku nyingi bila kuona shamba la ndizi. Mvua yanyesha, miti ni mikubwa, jua halionekani, njia ni matope. Jeshi la mbele likipita na kula kila kitu, wa nyuma hawapati kitu. Basi fikirini mama mwenye mtoto anyonyaye, naye mwenyewe hajala. Aliyeshindwa kutembea aliachwa.

Tarehe 14 Februari 1897, huko Ndirfi, askari waliasi wakaua wakubwa wao wengi. Kisha wakageuka kurudi kusini, wakipigana na Serikali njiani kwa miaka mitatu, pamoja na wake na watoto wao. Waliobaki walivuka mpaka 1900 wakajitoa kwa Wadachi upande wa ziwa Tanganyika. Mtoto aliyezaliwa mwanzo wa maasi hayo alikuwa na miaka 3 yalipokwisha. Maisha yake yote yalikuwa njiani, tena vitani, wala hakuwa na kijiji hata kimoja cha kukiita kwao.

Maisha ya kila siku kambini

Mwaka 1908 Kongo ilitoka katika mikono ya Leopold ikawa koloni ya Ubelgiji. Pole pole jeshi likapata kambi za kudumu. Katika nchi yetu kambi moja iliyojulikana ilikuwa Lokandu, kaskazini ya Kindu, mahali palipoitwa zamani Riba-Riba. Vijana walifundishwa huko kazi ya uaskari.

Siku ya kambi ilianza kwa tarumbeta. Askari walikwenda kwenye mazoezi. Wake walifagia viwanja mpaka udongo ung'ae, kwa maana wakubwa walipita kukagua nyumba. Nyumba zilipangwa kwa mistari, mlango kwa mlango, na jina la askari likaandikwa katika daftari. Kila juma waligawiwa posho: unga wa mihogo au mchele, samaki wakavu, chumvi, mafuta ya mawese. Posho haikutosha siku zote. Kwa hiyo wanawake walilima mashamba pembeni ya kambi: mihogo, karanga, ndizi, na sombe ya kupika na bugali. Mwanamke hodari aliweza kuuza kidogo sokoni, akanunua kitambaa.

Na watoto? Walikuwa na uhuru ambao watoto wa vijijini hawakuwa nao, maana babu na shangazi wa kuwakemea hawakuwapo. Waliiga mazoezi kwa bunduki za mti. Walitega ndege, walivua samaki kwa ndoana, walikamata kumbikumbi usiku kwa mwanga wa moto na kuwakaanga. Walijua lugha tatu au nne kabla ya kujua kusoma: lugha ya mama, lugha ya baba, Kiswahili cha sokoni, na Lingala, iliyokuwa baadaye lugha ya jeshi. Waliokua hivyo hawakuogopa watu wageni, na hiyo ni akili njema.

Lakini kambi ilikuwa na ukali wake. Kosa la askari lililipwa kwa kiboko, mbele ya wenzake, na mara nyingi watoto waliona baba yao akilazwa chini. Mtoto aliyeyaona hayo hujifunza jambo baya: kwamba mkubwa ndiye mwenye haki, na mnyonge hupigwa. Tukiuliza kwa nini askari wengine waliwatesa wanakijiji, tukumbuke pia walijifunzia wapi.

Wamisionari walikuwa na kazi kubwa kambini. Sheria ya 12 Julai 1890 iliwaweka watoto yatima na watoto waliokombolewa utumwani chini ya ulinzi wa Serikali; wengi wakapelekwa katika shule za Boma na Nouvelle-Anvers, ambako mapadri waliwafundisha dini na wakubwa wa jeshi waliwafundisha uaskari. Yatupasa kusema kweli hapa pia: watoto wale hawakuulizwa kama wataka kuwa askari. Katika kambi nyingine mapadri waliwafundisha wake katekisimu, wakazibariki ndoa zilizokuwa hazina hati wala mahari. Kwa mwanamke aliyepewa askari kama mzigo, kuulizwa mbele ya altare, "Je, wewe wakubali?" lilikuwa jambo kubwa. Labda ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yake kuulizwa neno hilo.

Mto na reli

Kindu yetu ilikua kwa sababu ya mto na reli. Wabelgiji walijenga reli toka Stanleyville mpaka Ponthierville, kilometa 125, ikafunguliwa 1906, ili kupita maporomoko. Toka Ponthierville, yaani Ubundu, meli zilipanda Lualaba zaidi ya kilometa 300 mpaka Kindu. Toka Kindu reli nyingine, kilometa 355, ilikwenda Kongolo, ikamalizwa kabla ya vita vya 1914. Na 1915 reli ya Kabalo ilifika ziwani Albertville, ambayo leo ni Kalemie.

Hivyo askari aliyehamishwa toka Stanleyville kwenda ziwani alipita kwetu lazima. Mkewe alipanga masufuria, mikeka na kuku chini ya meli. Watoto walikaa ukingoni wakihesabu viboko. Hapa Kindu waliteremka, wakangoja gari la moshi, pengine siku kadhaa, wakipika kando ya bandari. Ndivyo watu wa kabila nyingi walivyofika kwetu, na wengine hawakuondoka tena.

Vita vya Wazungu

Katika vita kuu ya kwanza askari wa Kongo waliingia Kigali tarehe 6 Mei 1916, wakashika Kigoma tarehe 28 Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Jemadari wao alikuwa Tombeur. Mwaka 1917 walifika mpaka Mahenge. Jeshi hilo lilihitaji wapagazi zaidi ya 200,000, na wengi wao walitolewa katika vijiji vyetu vya mashariki. Wengi walikufa kwa magonjwa na kuchoka, si kwa risasi.

Tena kuna jambo la kuhuzunisha. Kati ya askari wa Wadachi walikuwamo Wamanyema waliokuwa wamehamia Ujiji na Tabora tangu siku za misafara. Hivyo mtu wa Maniema aliweza kumpiga risasi mtu wa Maniema kwa ajili ya ugomvi wa Ulaya. Na askari wa Wadachi nao walifuatwa na wake na watoto. Walitembea nyuma ya jeshi miaka minne, mpaka jemadari wao Lettow-Vorbeck alipojitoa kule Abercorn tarehe 25 Novemba 1918. Pande zote mbili, kina mama walipika katika vyungu vya namna moja.

Katika vita kuu ya pili askari wetu walikwenda Uhabeshi, ambako jemadari wa Waitalia alijitoa Saio tarehe 3 Julai 1941 mbele ya Gilliaert. Wengine walifika Nijeria, Misri na Palestina, na waganga wa jeshi walifika hata Burma. Safari hizi zilikuwa mbali mno. Wake walibaki kungoja.

Miaka ya huzuni

Uhuru ulipofika tarehe 30 Juni 1960, jeshi lilikuwa na askari karibu 25,000, wala hapakuwa na Mwafrika hata mmoja aliyekuwa afisa. Siku tano tu baadaye askari wa Thysville waliasi. Jeshi likabadilishwa jina, likawa Jeshi la Taifa la Kongo, lakini jina jipya halikuleta utii.

Hapa Kindu twakumbuka kwa aibu tarehe 11 Novemba 1961, askari walipowaua Waitalia 13, wanahewa wa Umoja wa Mataifa, watu waliokuja kusaidia. Tarehe 1 Januari 1962, kule Kongolo, askari waliwaua wamisionari 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu. Mwaka 1964 Simba waliushika mji wetu mwezi wa Julai, na jeshi likaurudisha mwezi wa Novemba. Damu ya watu wasio na kosa ilimwagika mikononi mwa pande zote mbili. Tarehe 12 Oktoba 1998 mji ulitekwa tena, katika vita vilivyoletwa kwa msaada wa Rwanda. Gari la moshi likasimama, na watu wakasukuma baisikeli siku nyingi msituni kutafuta chumvi.

Katika miaka hiyo yote jamaa za askari waliteswa mara mbili. Jeshi lilipokimbia, mke wa askari hakuweza kukimbia upesi, maana ana watoto. Adui akija alimtafuta yeye kwanza. Na raia waliomchukia mumewe hawakumficha. Upande mwingine, mshahara usipofika mkononi mwa askari, mkewe na watoto walikula kwa nini? Mara nyingi kwa mbuzi na mihogo ya wanakijiji. Twasema wazi: kunyang'anya ni dhambi, na mshahara uliokosekana haukifanyi kitu cha mwenzio kuwa chako. Lakini yule aliyekula mshahara wa askari ofisini ana dhambi iliyo kubwa zaidi.

Tangu 2003 majeshi yaliyopigana yaliunganishwa kuwa jeshi moja. Katika kambi za kuwachanganya askari, wengi walikuja na jamaa zao, lakini mahali pa jamaa hapakuandaliwa. Wakaishi chini ya mahema ya plastiki na majani. Baadaye askari walihesabiwa upya, na mishahara ikaanza kulipwa kwa njia ambayo mkubwa haishiki mkononi. Ni hatua njema. Lakini shida ya mjane imebaki: nyumba ya kambi ni ya kazi, si ya urithi. Mume akifa, mke hujua kwamba siku moja ataambiwa atoke, naye kwa wazazi wake labda ni kilometa 1,000.

Kwao ni wapi?

Sasa turudie swali la wazee. Tuseme mfano wa jamaa moja iliyohamishwa mara nyingi. Ukifungua vitabu vya Ubatizo utamkuta mtoto wa kwanza amebatizwa Kisangani, wa pili Lokandu, wa tatu Kasongo, wa nne Kalemie, wa tano hapa Kindu. Padre wa kila mahali aliandika jina la mtoto, jina la baba, jina la mama. Jeshi liliandika jina la askari kwa sababu latakiwa kumlipa na kumwamuru. Kitabu cha Ubatizo kiliandika jina la mama kwa sababu yeye ni mtu.

Basi tunawaomba wasomaji mambo mawili yasiyo magumu. La kwanza: mama wa kambi akija na mtoto asiye na hati ya kuzaliwa wala ya ubatizo, kwa kuwa alizaliwa njiani au hati ziliungua vitani, tusimfukuze mlangoni pa shule wala pa katekisimu. Tumsaidie kutafuta mashahidi na kuandikisha. Mtoto asiyeandikwa popote ni mwepesi wa kuchukuliwa na kila mwenye bunduki. Hayo tumeyaona kwa macho. La pili: wako bado wajane wazee, hapa Mikelenge na ng'ambo Alunguli, waliofuata waume zao katika safari hizo. Vijana, kaeni nao jioni, mwaulize njia walizopita, mito waliyovuka, na watoto waliowazika njiani. Andikeni majina hayo katika daftari.

Na mzee akiuliza tena juu ya msichana wa kambi, "Kwao ni wapi?" mwaweza kumjibu kwa heshima, "Mzee, alizaliwa safarini, lakini amekua kwetu."